Mkaja wa Warsini

Wifi yangu Warsini ameniudhi kwa zaidi ya miaka kumi na sita, na nasema hivyo huku nikimpenda. Ananiudhi kwa kunyamaza. Ukimkanyaga mguu, anayeomba radhi ni yeye. Ukimuuliza anaumwa wapi, anakwambia, "Kidogo tu, Yu," na huku uso umempauka na mkono umeshika ukingo wa meza. Mimi ni Painem, dada mkubwa wa mumewe, ndiyo maana ananiita Yu, yaani dada. Mimi nikiumwa, kijiji kizima kinajua kabla ya saa nne.

Kwetu huku kusini ya mji wa Solo wanawake wanauza jamu, dawa ya mitishamba ya kunywa. Kila nyumba ina jiwe lake la kusagia na kila mwanamke ana kapu lake. Mama yetu aliuza, nami nikauza miaka ishirini na minane mpaka goti la kulia likagoma. Basi Kardiyo, ndugu yangu, alipomwoa Warsini kutoka Wonogiri, binti wa miaka kumi na tisa, nilimkabidhi kapu langu na mtaa wangu wa wateja. Tukagawana kazi. Mimi nasaga manjano, naloweka mchele na ukwaju, nachemsha majani ya tambuu. Yeye anabeba. Chupa nane kubwa mgongoni, kitambaa cha kubebea kimekatiza begani, ndoo ndogo ya kuoshea glasi mkononi, anazunguka mtaa wa mafundi wa batiki mpaka adhuhuri.

Na kila alfajiri, tukishasali, nilimfunga mkaja.

Mkaja wetu hauishii arobaini ya uzazi. Mbeba jamu anaufunga kila siku ya Mungu, chini ya kebaya, blauzi yake ya kubana: kitambaa kigumu, upana wa kiganja, urefu mita nane. Anashika ncha tumboni, anazunguka polepole, nami navuta. Nikifika nusu naweka goti lile zima mgongoni kwake na kuvuta tena. "Pumua nje," namwambia, na akishatoa pumzi yote, nakaza. Mama alitufundisha kwamba kidole kikipita, hujafunga. Mwanamke mwenye tumbo la kuning'inia nani atanunua dawa kwake? Hivyo ndivyo Mama alivyosema, na hivyo ndivyo nilivyofanya. Warsini alikuwa anatoka nyumbani amenyooka, kiuno chembamba, wateja wanamwita bibi harusi.

Maumivu yalianza baada ya kumzaa Ratri. Warsini alikuwa na miaka ishirini na sita. Kwanza alisema kuna kitu kinamvuta chini ya kitovu, upande wa kushoto. Halafu kikawa hakina upande. Akikaa, kinawaka. Akienda haja ndogo, anatoa matone matatu na baada ya dakika kumi anataka tena. Ya chumbani na mumewe hakunieleza, lakini nyumba zetu zimetenganishwa kwa ukuta wa mianzi, na najua ndugu yangu alianza kulala kwenye karakana yake ya milango akisingizia kazi. Kardiyo si mtu mbaya. Ni mtu wa kusema "tuvumilie" mpaka unatamani kumtwanga na randa yake.

Tukampeleka kwa Mbah Ginah, mkandaji wetu, bibi wa miaka sabini mwenye vidole gumba kama vya seremala. Akambonyeza tumbo mara moja tu, akatangaza, "Kizazi kimeshuka." Akakipandisha. Yaani aliingiza vidole gumba juu ya kinena na kusukuma kuelekea kitovuni, huku Warsini anauma kitambaa. Akimaliza anasema, "Kinaumia kwa sababu kinarudi kwake. Painem, sasa kaza mkaja, kisishuke tena." Mimi nikakaza. Maumivu yakizidi tunarudi, anapandisha, nakaza zaidi. Miaka tisa kizazi cha mtu kinapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyesimama akauliza mbona hakikai.

Usidhani hospitali walikuwa na akili kuliko sisi. Kituo cha afya walimpa antibayotiki kwa ajili ya mkojo. Wakapima mkojo, ukawa msafi, wakampa antibayotiki nyingine. Daktari mmoja alisema ni kidole tumbo, wakampasua, wakakitoa, na kilikuwa hakina neno. Alipolala wodini siku tano, kisha akakaa nyumbani wiki tatu na daster, gauni pana la kulalia, maumivu yakapungua, tukafurahi, tukafanya shukrani, tukagawa wali kwa majirani. Akarudi kwenye kapu, yakarudi. Mwingine, kijana mwenye viatu vya kung'aa, alimwita Ibu, yaani mama, akamwambia, "Ibu, punguza mawazo. Mwombe mume akupeleke mtembee." Nilitoka nje, maana ningemjibu, na kadi ya bima ilikuwa bado iko mezani kwake.

Kilichonichosha kuliko yote ni siri. Warsini hakutaka mtaa wa batiki ujue. Kwa sababu katika zile chupa nane, moja ni maji ya tambuu, jamu ya wanawake, ya matatizo ya huko huko chini. Wanawake wanasubiri jirani apite, wananong'ona, "Ile moja," na yeye anawamiminia. Bu Yuliati, mke wa fundi cherehani, kila siku anamsifu: "Wewe unakunywa ya kwako, ndiyo maana una afya namna hii." Na huyu mwanamke anatabasamu, amesimama kwa mguu mmoja kwa sababu mwingine unavuta, mkojo umembana tangu saa mbili asubuhi. Kuomba choo kwa mteja ni aibu na kuacha kapu barabarani haiwezekani. Maji hanywi kabisa, asije akahitaji choo. Anauza vinywaji asubuhi nzima na koo kavu. Nilimwambia, "Hivi wewe una wazimu?" Akaniambia, "Nimezoea, Yu."

Na alitaka mtoto wa pili. Hilo hakulisema, lakini nguo za uchanga za Ratri alizikunja akaziweka sandukuni, na kila mwaka baada ya Idi anazitoa, anazifua, anazianika upya, anazirudisha. Ratri ameshafika darasa la tatu, nguo bado zinafuliwa. Nilikuwa nikiziona kwenye kamba, nageuza uso.

Alipofika miaka thelathini na tano, daktari bingwa wa kliniki moja ya mjini alimtazama kwa mashine ya picha, akaandika, akasema kizazi kitolewe. Nilikuwepo. Mimi huwa nipo.

"Picha inaonyesha nini, Dokta?" nikamuuliza.

"Kizazi kiko kawaida."

"Kawaida."

"Kawaida, Ibu. Lakini maumivu ya muda mrefu hivi, na mgonjwa ameshazaa, ni bora tukitoe tu yaishe."

"Yaani sufuria haina tundu, lakini kwa kuwa wali unaungua mara kwa mara tuitupe sufuria."

Akavua miwani. "Ibu, wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye ninayemvalisha kila asubuhi."

Akamgeukia Warsini, akamuuliza yeye. Na Warsini, ambaye hajawahi kukubali hata kipande cha tempe ya soya bila kukataa mara mbili, alisema palepale, "Kitoeni." Akaweka sahihi. Akapewa siku, Alhamisi Pahing kwa kalenda yetu ya kienyeji, wiki tatu mbele.

Njiani nilifoka. Nikamwambia kuhusu nguo za sandukuni, kuhusu Kardiyo, kuhusu kidole tumbo kilichotolewa bure. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Yu, mimi sitaki kupona tena. Nataka iishe tu. Watu wakinipasua na wakatoa kitu, angalau wataamini kulikuwa na kitu." Hilo lilinikasirisha zaidi.

Mkunga wa kijiji ndiye aliyenitajia hospitali ya serikali, daktari mwanamke anayesikiliza maumivu ya nyonga tu, Jumanne kwa Jumanne. Foleni yake ni ndefu. Tulipata nafasi siku tisa kabla ya ile Alhamisi. Warsini hakutaka kwenda. Nilimwambia asipokwenda nitakwenda mimi nilale kitandani nidai tumbo ni langu. Akacheka kidogo, akakubali. Asubuhi ile nilimvalisha kebaya yake ya kijani, na mkaja niliukaza kuliko siku zote, daktari aone ametoka kwa watu.

Dokta Retnaningsih alikuwa mtu mdogo mwenye mafua, ana karatasi ya pua mkononi. Hakumlaza. Alimkalisha, akaanza kuuliza, na mimi nikaanza kujibu, kama kawaida yangu. Akaniacha nikafika kwenye kidole tumbo, akasema, "Ibu, naomba nimsikie mwenye tumbo."

Basi nikafunga mdomo, nimevimba.

Akamuuliza yanaanza saa ngapi, yanazidi lini, anakunywa maji kiasi gani, anakwenda haja mara ngapi, choo kikubwa je, akiwa na mumewe je, pale mwanzoni au ndani. Maneno ambayo mimi nisingeyasema kwa mtu yeyote, yeye aliyataja kama anauliza bei ya vitunguu, na Warsini akayajibu, polepole, akiangalia sakafu. Halafu akauliza, "Kuna siku huumwi?"

"Hakuna, Bu Dokta."

Akangoja, anafuta pua.

"Labda wiki ya Idi," Warsini akasema. "Na nikiwa kwa mama yangu Wonogiri. Na baada ya ile operesheni, kidogo."

"Siku hizo unavaa nini?"

Nilikaribia kucheka. Mtu tumetoka naye mbali, tumepanga foleni tangu asubuhi, tunaulizwa habari za nguo. Warsini akasema daster tu, ya kushindia nyumbani.

Akaomba amwone. Warsini akavua kebaya, akaanza kujifungua mkaja, na muuguzi akashika ncha kumsaidia. Muuguzi alirudi nyuma hatua moja, hatua mbili, akafika mlangoni, na mkaja bado unakuja. Ulipoisha, ngozi ya tumbo ilikuwa na mistari myekundu imezunguka mpaka mgongoni, na chini ya mistari ile kulikuwa na mingine, ya kahawia, ya zamani. Mimi nilikuwa namfunga kila siku na sikuwahi kumwona akiwa amefunguliwa. Alikuwa anajifungua mwenyewe bafuni.

Daktari alimlaza, akambonyeza kwa kidole kimoja mpaka akapata mahali. "Hapa?"

"Hapo."

"Sasa inua kichwa tu, kama unataka kuona vidole vya miguu. Yanapungua au yanazidi?"

"Yanazidi."

Akatikisa kichwa kuafiki. Akaeleza kwamba kitu cha ndani kikiuma, misuli ikikazwa inakifunika kidogo. Ya Warsini yalizidi kwa sababu misuli yenyewe ndiyo inayouma. Akaomba ruhusa ampime na chini, kwa kidole kimoja, na akamwambia akisema basi, ni basi. Warsini akanishika mkono. Nikamwona anakunja uso, halafu ghafla macho yakamtoka.

"Hapo," akasema. "Ndiyo hapo. Ndiyo hapo hapo, Bu Dokta. Miaka tisa nawaambia ni hapo."

Akalia. Si kwa maumivu, maana daktari alishatoa kidole. Alilia kwa sauti, huyu ambaye hata wakati wa kuzaa hatukumsikia. Na mimi nililia, nikiwa na hasira, nikifikiria wale wote waliompima kwa mashine na hakuna aliyetumia kidole.

Daktari akatueleza tukiwa tumekaa. Chini ya nyonga kuna misuli imesukwa kama kamba za kitanda, inabeba kibofu, kizazi, na vyote. Inatakiwa ikaze na ilegee. Ya Warsini imesahau kulegea, imekaa kama ngumi iliyokunjwa miaka tisa. Akasema hakuna kitu kimoja cha kulaumu. Ni kapu zito, ni kubana mkojo nusu siku, ni kuzaa, ni yale mabonyezo ya mkandaji, ni woga wenyewe wa kuumia. Na ni mkaja. "Tumbo likifungwa hivi, pumzi haina pa kwenda. Inasukuma chini mchana kutwa, na misuli ya chini inajikaza kuzuia." Kizazi hakina kosa. Kukitoa hakutailegeza ngumi hiyo. Akaushika mkaja uliokunjwa mezani, akaupima ugumu kwa vidole.

"Nani anakufunga?"

Mimi ninayejibu kila swali la duniani, hata nisiloulizwa, niligeuka nikatazama dirisha.

"Najifunga mwenyewe," Warsini akasema.

"Kwa nguvu hii?"

"Nimezoea, Bu Dokta."

Nikaiacha ile kauli ipite. Nasema wazi, niliiacha ipite.

Daktari akampa maagizo: asibebe, asifunge, anywe maji, asibane mkojo, na apite siku ileile kwa Mbak Endah, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akafundishwe kulegeza. Hakuahidi kwamba atapona. Alimwomba tu aahirishe operesheni kwa miezi mitatu. Warsini akasema, "Nimeshaweka sahihi. Nitafikiria." Wakati mwingine wowote ningemkalia kooni mpaka aahirishe. Safari hii nilijiona sina mdomo wa kumwambia mtu kitu.

Kesho yake nilichukua kapu mwenyewe. Kardiyo akasema, "Yu, goti." Nikamwambia aendelee na milango yake. Nilimwacha Warsini amelala chali sebuleni, kitabu cha hesabu cha Ratri juu ya tumbo, akijifunza kukiinua kwa pumzi kama Mbak Endah alivyomwelekeza. Mwanamke wa miaka thelathini na tano anafundishwa kupumua hospitali ya serikali. Nilipandwa na hasira hata na kile kitabu.

Mtaa wa batiki haukunipenda. Nilikuwa nachechemea, nimekunja uso, na glasi nilikuwa nazitua kwa kishindo. "Bibi harusi yuko wapi?" wakauliza. Siku ya kwanza nilisema ana mafua. Siku ya pili goti lilikuwa limevimba, na Bu Yuliati akaanza wimbo wake kwamba Warsini haugui, anakunywa ya kwake. Nikatua ndoo chini.

"Anaumwa," nikamwambia. "Anaumwa hapa chini miaka tisa, na hayo maji ya tambuu anayokuuzia hayajamsaidia hata kidogo."

Nikajua biashara imekwisha, siri niliyoapa kuitunza nimeitangaza barabarani. Bu Yuliati akatazama kushoto na kulia. Akasogea.

"Chini wapi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Yanawaka ukikaa?"

Alikuwa nayo, miaka minne. Asubuhi ile ile mkwe wake naye akaniita pembeni. Siku iliyofuata akanifuata mchora batiki kwa nta wa nyumba ya kona, mwanamke anayekaa kwenye kibao tangu asubuhi hadi jioni. Wote walikuwa wanalificha jambo lilelile kwa yule yule anayewaficha wao. Nilisimama pale na glasi mkononi nikichemka. Mtaa mzima unaumwa, na tunauziana maji ya tambuu tukichekeana. Nikawaandikia wote jina la daktari nyuma ya kalenda. Hakuna aliyeacha kununua.

Nyumbani sikuuliza kitu. Niliona tu. Siku ya nne Warsini alikaa mkekani akala wali wake wote bila kubadilisha tako. Siku ya sita aliamka analia, yamerudi, akanuna mchana kutwa, na akaenda kuangalia ile karatasi ya operesheni kwenye kabati. Mbah Ginah alipita, akamwona hajafungwa, akasema kizazi kitamdondokea sakafuni. Nilimtoa nje kwa adabu, lakini nilimtoa. Siku ya nane sikujua Warsini anafikiria nini. Karatasi haikuwepo tena kabatini.

Alhamisi Pahing alfajiri alikuja jikoni kwangu amevaa kebaya ya kijani. Mkononi ana mkaja.

"Nifunge, Yu. Nakwenda kliniki."

Nikaushika kwa mazoea, naye akashika ncha tumboni, akageuka mara moja, mara mbili, akasimama akinipa mgongo, akisubiri goti langu. Sikuvuta. Nilishika kile kitambaa kama mtu aliyeshika kitu cha kuazima.

"Ulimwambia daktari unajifunga mwenyewe," nikasema.

"Ndiyo."

"Ni mimi, Warsini. Miaka yote hiyo ni mimi. Kila ulipokuwa ukiniambia unaumwa nilikuwa nakaza."

"Najua, Yu. Nilikuwepo."

"Mbona hukunitaja?"

Hakugeuka. Alizungumza akiangalia chungu cha manjano. "Kardiyo alikuwa anasema nivumilie. Madaktari wanasema ni mawazo. Wewe kila asubuhi ulikuwa unavuta mpaka unatoka jasho, na goti lako lile. Mtu havuti hivyo kama haamini mwenzake anaumwa. Nilikuwa nasubiri alfajiri nifungwe, nijue kuna mmoja anaamini. Sasa nikutaje kwa daktari kwa kosa gani?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nililia vibaya, na mafuta ya nazi yanaungua jikoni.

"Basi usiende," nikasema nilipoweza.

"Nakwenda kumwambia hapana," akasema. "Nimeshika karatasi yake. Daktari mkubwa vile, nimtumie ujumbe wa simu? Ni utovu wa adabu. Lazima nivae. Nifunge, lakini funga kama mtu mvivu."

Nikafunga kama mtu mvivu. Niliingiza mkono mzima ndani na ulipita.

Hakupona siku ile. Ilichukua mwaka mzima na zaidi kwa Mbak Endah, na mpaka leo kuna siku mbaya. Jamu anaipeleka kwa baiskeli, na mtoto hajaja, nguo bado zinafuliwa baada ya Idi. Lakini asubuhi ile tulikwenda wote watatu, Kardiyo akiwa amevaa shati la Ijumaa, na Warsini akasimama mbele ya yule bingwa, akasema kwa heshima zote kwamba anamshukuru lakini kizazi chake atabaki nacho. Alipoinama kuweka sahihi ya kufuta operesheni, mkaja ukafunguka. Ulianza kuteremka chini ya kebaya, mzunguko kwa mzunguko, mita nane nzima, ukajilundika kwenye viatu vya daktari. Bingwa akaangalia chini. Kardiyo akasema "tuvumilie," kwa mazoea tu. Na Warsini akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na nikaona tumbo lake linatikisika juu na chini. Miaka kumi na sita nilikuwa nimeishi na yule mwanamke, na sikuwahi kuona tumbo lake likicheka. Nikapiga goti, lile bovu, nikaanza kuukunja mkaja.